Nilivyomlisha Mama Mkwe kwa Tundu la Kitenge

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri mimi kuna watu wa Magamba, kijijini kwa wakwe zangu, watakaonikiria, nao wataongeza chumvi: mimi Gaspari, wakati huo baba wa mtoto mmoja na wa pili akiwa njiani, niliwahi kumwangukia mama mkwe wangu mapajani, mchana kweupe, siku ya Jumapili, mbele ya katekista na akina mama wa kanisani waliojaa sebule, nikiwa na uji wa asali kichwani. Imo kwenye daftari langu. Ukurasa huo nimetaka kuuchana mara mbili, na mara mbili nikauacha, kwa sababu niliona si haki kubakiza kurasa za siku nilizofanya vizuri tu, na hizo zenyewe ni chache.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, sukari imeadimika mpaka watu wanaipangia foleni alfajiri, na mama mkwe alikuwa amerudi kutoka kupasuliwa. Ugonjwa ulimwanzia kwa ugali kumkwama, halafu wali, halafu uji, mwisho hata maji yakawa yanarudi. Akapelekwa kwa treni mpaka hospitali kubwa, madaktari wakasema ni kansa ya njia ya chakula, wakakata kile kipande kilichougua, wakalivuta tumbo juu mpaka kifuani wakaliunga na koo lililobaki (hivi ndivyo alivyonieleza Paskalina mke wangu, aliyemsindikiza mama yake, na kama nimekosea mnisamehe, mimi niliishia darasa la nne). Akarudi hai, jambo ambalo wengi hatukulitegemea, lakini amekonda mpaka vitenge vyake vinamzunguka mara mbili, na ubavuni mwa tumbo umetoka mpira mwembamba, umeshonwa kwa uzi, wa kumlishia mpaka atakapozoea tena kula kwa mdomo.

Alikuja na karatasi ya maagizo. Ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Atafune sana. Ale akiwa ameketi, na akimaliza asilale chali, kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali. Kwenye mpira upitishwe uji mwembamba uliochujwa, polepole, kisha maji yaliyochemshwa ya kuusafisha. Vitu vitamu sana asipewe. Daktari wa hapa Mpanda akampima mizani siku aliyofika, akasema atampima tena na tena, na kama mwisho wa mwezi atakuwa amepungua, basi arudishwe kulekule.

Mama mkwe alisikia. Akamwambia Paskalina, kwa sauti ambayo nami nje niliipata vizuri, "Kule sirudi. Mkinipandisha treni nitateremka njiani, nife na watu wasionijua. Kisu kimoja kinanitosha."

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: ale, mizani ipande.

Sasa nani amlishe? Paskalina alikuwa na mimba changa, akiuona ule mpira unapoingia mwilini anakimbilia nje kutapika, mara ya tatu nikamwambia aache. Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati, kazi yangu kuosha mabeseni na kufunga vidonda, sikuogopa usaha wala mshono. Hakukuwa na mwingine. Lakini mimi ni mkwe, na kwetu mkwe wa kiume hamwangalii mama mkwe usoni, wala hamwoni akila, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Tayari alikuwa analala nyumbani kwangu hapa Kawajense, ili awe karibu na hospitali, na hilo peke yake lilimkosesha usingizi Mjomba Fidelis, kaka yake mama mkwe, mtunza adabu wa ukoo mzima.

"Hilo la paa moja tumelimeza," Mjomba aliniambia, "kwa sababu ya ugonjwa. Lakini umwone anakula? Umwone tumbo? Hapana, mwanangu. Hata wewe hutaki, sema ukweli."

Kweli sikutaka. Na nisimwonee Mjomba: huyo ndiye aliyempakia dada yake kwenye baiskeli kutoka Magamba mpaka stesheni, akiisukuma kwa miguu, wakati sisi wengine bado tunajadiliana.

Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Nilichukua kitenge cha Paskalina (kipya, na hakuniruhusu, nilimwambia baadaye), nikakitundika kwa kamba ya katani katikati ya sebule, kitanda cha mama upande ule, kigoda changu upande huu. Kwa wembe nikatoboa tundu, nikalishona pembeni lisifumuke, nikaupitisha mpira wa kuunganishia. Mwisho wa upande wake aliuunga mwenyewe na ule wa tumboni, na mwisho wa upande wangu kuna faneli. Mimi namimina, yeye hanioni, mimi simwoni. Alipewa kikombe cha bati na kijiko: akigonga mara moja niendelee, mara mbili nisimame. Chakula cha mdomo nilikipitisha chini ya kitenge kwenye kibakuli, na kibakuli kilirudi kitupu.

Siwezi kuficha, nilijiona nina akili. Mimi ambaye hata mlango nikiufunga narudi kuangalia kama nimefunga, kwa wiki nzima sikujitilia shaka. Mjomba alikuja akakizunguka kitenge, akaingiza kidole kwenye tundu, akasema, "Hapa umefanya kazi." Kwenye daftari nikawa naandika kila siku: amekula kibakuli chote, amekula kibakuli chote.

Tukampeleka kwenye mizani. Ilikuwa imeshuka.

Daktari akaniuliza anakula, nikamwonyesha daftari, akasoma, akamtazama mama, akalisoma tena. "Wiki ijayo nitampima tena," akasema. "Ikishuka tena sitangoja mwisho wa mwezi." Njia nzima ya kurudi nilitembea hatua ishirini mbele yake, kama inavyotakiwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wakaja wageni. Akina mama wa kanisani waliingia upande wa mgonjwa, wanaume wakakaa upande wangu: katekista, balozi wa nyumba kumi, na Mjomba Fidelis aliyekuja na kibuyu cha asali ya Ugalla, nyeusi, ile inayonukia hata kabla ya kufunguliwa. Saa ya uji ikafika. Ningengoja waondoke, lakini wageni hawakuwa na dalili hiyo, na karatasi ilisema saa zifuatwe. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikainua faneli, nikaanza kumimina.

Katekista akatazama kwa muda. "Samahani, Gaspari. Huo uji unakwenda wapi?"

"Kwa mama."

"Mimi naona unakwenda kwenye kitenge."

"Kitenge hiki kina kiu," akasema balozi, "wiki ya pili hii kinakunywa." Wanaume wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ukichekwa nyumbani kwako ufanyeje.

Mjomba hakucheka. Akachungulia sufuria. "Uji wenyewe mtupu namna hii? Ndiyo maana mizani inakataa. Tia asali."

"Karatasi inasema vitu vitamu sana asipewe."

"Ilete."

Nikaileta. Mjomba hakujua kusoma, akampa katekista, katekista akasoma yote kwa sauti ya kanisani, mpaka mwisho.

"Imetaja asali?" Mjomba akauliza.

"Asali haikutajwa," akasema katekista.

"Basi. Asali ni dawa."

Na hapa lazima niwe mkweli kabisa. Mjomba hakunishika mkono. Karatasi ilikuwa yangu, mgonjwa alikuwa wangu, na ndani yangu kulikuwa na sauti ndogo iliyoniambia Gaspari, asali nayo ni tamu. Lakini sauti hiyo huniambia mambo mengi kila siku, na nilikuwa nimechoka kuisikiliza, tena nilikuwa na ile mizani kichwani. Nikatia asali vijiko vitatu vya kupakulia, nikakoroga, nikajaza faneli, na kwa kuwa watu wote walikuwa wananitazama na nilitaka nimalize upesi, nikanyanyua mkono juu kabisa ili uji ushuke haraka. Ukashuka haraka. Faneli ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Upande ule akina mama walikuwa wameanza wimbo wa shukrani, na wanawake wa kanisa letu wakiimba wanapiga makofi. Nilisikia mlio mmoja wa kikombe. Mara moja: endelea. Kumbe (nilikuja kuambiwa baadaye) aligonga mara mbili, na tena mara mbili, na mara nyingi bila hesabu, lakini kila mlio uliingia ndani ya makofi, na wale akina mama walipomwona anapiga kikombe wakaona amefurahi, wakazidisha wimbo.

Basi mama mkwe, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio na tumbo limemsokota vibaya, akafanya ambacho yeyote angefanya. Akainuka kwenda nje.

Mpira ukavuta faneli, faneli ilikuwa mkononi mwangu, na mimi kwa akili zangu zote nikaona la muhimu ni kutoiachia, nikaing'ang'ania. Nikavutwa kutoka kwenye kigoda. Nikajishika kwenye kitenge. Kitenge kikavuta kamba, kamba ikang'oa msumari wa dirishani, na kitu chote, msumari, kamba, kitenge, sufuria na mimi, tukaenda upande wa wanawake kwa pamoja. Mama mkwe akarudi kukaa kwa kishindo kitandani, na mimi nikafika, uso kwanza, mapajani mwake, kitenge kimenifunika kichwa na uji wa asali unanishuka shingoni.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Nilibaki pale pale. Sikumbuki nilifikiri nini, ila nilitamani kitenge kile kiwe kirefu zaidi. Kisha nikaisikia sauti ya Mjomba, taratibu, kama mtu anayeongea na ng'ombe aliyeingia shambani: "Gaspari. Toka hapo."

Nikajitoa. Kwa rehema za Mungu mpira ulikuwa umeachana pale kwenye kiungo, ule wa tumboni haukuguswa na uzi wake ulikuwa salama, hilo nilikuwa nimeliona hata kabla ya kujifuta macho. Wanawake walimkimbiza mama chooni, na hayo sitayaeleza kwa heshima yake. Walipomrudisha walikuwa wamemshika wanne.

"Wewe toka nje," Mjomba akaniambia. "Wanawake watamshughulikia. Haya mengine tutayaongea kesho." Nami nikatoka. Mguu mmoja ulikwisha vuka kizingiti, nasema kweli, na nilikuwa nafikiria nihamie Ugalla nikafuge nyuki ambako hakuna watu. Ndipo nikageuka kidogo, nikaona wanamlaza chali. Kwa upendo tu, kama anavyolazwa mtu aliyeishiwa nguvu.

"Asilazwe," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikarudi. "Nyie, msimlaze, tumbo lake liko kifuani, chakula chote kitarudi kimpalie." Nikapita katikati yao na nywele zangu za uji, nikapanda nyuma yake kitandani, nikamwegemeza mgongo wake kifuani pangu, ameketi wima, nikamshika mkono pale panapodunda. Mwanamke mmoja akageuza uso ukutani. Mjomba akasema, "Gaspari, unajua unafanya nini?"

"Sijui, Mjomba," nikasema. "Lakini nimeshamwangukia. Kumshika mkono kutaongeza nini?"

Nikamwomba katekista saa yake ya mkononi, akaivua, nikahesabu. Moyo ulikuwa unakimbia. Na hapo, kwa kuinamisha shingo, nikauona uso wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu nianze kumuuguza. Midomo ilikuwa imekauka, mashavu yameingia ndani, na mtu yeyote, hata mtoto, angejua kwa kumtazama tu kwamba huyu halishwi. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa nane kwamba anakula.

Tulikaa hivyo. Wanawake wakampepea kwa kile kile kitenge. Polepole jasho likakauka, moyo ukarudi kwenye mwendo wake, nikahesabu mara tatu kuhakikisha, halafu ya nne kwa sababu sikuiamini ya tatu. Ndipo akasema, bila kugeuka, na kabla ya hapo hakuwa amewahi kunitaja jina hata siku moja: "Gaspari."

"Naam, Mama."

"Vile vibakuli sikuwa nakula mimi."

"Alikuwa anakula nani?"

"Kuku. Nilikuwa nawamwagia dirishani."

Paskalina, aliyekuwa mlangoni, akasema polepole, "Ndiyo maana kuku wetu wameacha kwenda kwa jirani."

"Nikimeza kijiko kimoja," mama mkwe akaendelea, "kifua kinanguruma. Kinanguruma kweli, na kiungulia kinapanda, na wewe uko hapo, nyuma ya nguo, nakusikia hata unavyopumua. Nikaona haya. Mtu mzima, nimezaa saba, nimpigie mkwe wangu mbweu masikioni? Nikasema afadhali kuku."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo, ila uji ulinisitiri. Maana nilikuwa nimetundika kile kitenge ili kumpunguzia aibu, kumbe nilimwekea aibu yenye masikio.

Mjomba akaanza, "Lakini dada, adabu..."

"Fidelis," akamkata. "Wewe ulinisukuma kwa baiskeli mpaka stesheni. Ulikuwa unataka nini siku ile, adabu au dada?"

Mjomba akauangalia ule msumari uliong'oka. Kisha akatoka nje. Tukadhani ameondoka kwa hasira. Tukasikia kelele za kuku, na Mjomba akarudi na tetea mmoja kwapani, mnene mpaka anahema.

"Mila inafunga, na inajua kufungua," akasema. "Gaspari, shuka hapo, nawa uso. Mpe mama mkwe wako kuku huyu, kwa mikono miwili, sisi tunaona. Akipokea, mtaonana usoni na mtakula pamoja, na atakayeuliza aje kwangu."

Nikanawa, nikampa, akapokea. Nikamwuliza Mjomba, kwa heshima lakini nilikuwa na uchungu, mbona hakusema mapema kama njia hiyo ipo.

"Hukuniuliza," akasema. "Ulikuwa unashona tundu."

Alipopumzika vya kutosha, Paskalina akaleta uji mwepesi usio na kitu. Mama mkwe akaketi wima, sebule imejaa, wanaume na wanawake, hakuna nguo katikati. Akala kijiko cha kwanza. Kifua kikanguruma, na alisema kweli, kilinguruma kama treni inayoingia stesheni. Akatuangalia mmoja mmoja, hasa mimi.

"Mmesikia?" akasema. "Hilo ni tumbo langu. Siku hizi linakaa juu." Ndipo watu wakacheka, naye akacheka, akala cha pili, cha tatu, akafika sita na kusema basi. Sita. Nikaviandika, na safari hii niliviona kwa macho.

Wiki ile nilikaa mbele yake mara sita kwa siku. Nilijifunza kwamba akikunja kidole gumba ameshiba, na kwamba mihogo inamkataa lakini ndizi iliyopondwa inapita. Kwa mpira nilimimina nikimtazama usoni, faneli chini, tone kwa tone. Daktari nilimweleza habari ya asali bila kuficha, akaniuliza asali ni nini kama si kitu kitamu, akanigombeza mbele ya manesi na nilistahili.

Halafu akampandisha mizani. Akasukuma kile chuma, kikasimama. Akakisukuma tena mbele kidogo, kikasimama. Akakisukuma tena. Imepanda. Wiki iliyofuata ikapanda tena, na mwisho wa mwezi daktari akakata ule uzi, akauvuta mpira wa tumboni taratibu, akautupa kwenye beseni. Mama mkwe akauangalia pale ulipolala kama anavyoangaliwa nyoka aliyekwisha uawa.

"Nani anakuuguza?" daktari akamwuliza akiandika.

"Huyu," akasema, akinionyesha. "Aliyeniangukia."

Daktari aliacha kuandika, akatusubiri tumweleze, na hakuna aliyemweleza. Kurudi nyumbani tulitembea pamoja, bega kwa bega, katikati ya barabara, watu wanatazama.

Miaka imepita na watu wa Magamba bado wananisalimu kwa kuinua kikombe na kukigonga mara mbili. Nawaacha. Kwa upande wangu nimeapa, na hiki kiapo sijakitilia shaka hata siku moja, kwamba sitamlisha tena mtu nisiyemwona uso, awe mkwe, awe askofu, hata mila zote za nchi zikinisimamia mgongoni. Na mama mkwe, anayekula mara sita kwa siku mpaka leo, hukaa mbele yangu mezani na kunikazia macho nikimeza ugali wangu kwa haraka, na husema, "Gaspari, tafuna," nami natafuna.